Seli Hufaje? Haja ya Istilahi

Katika maandishi ya Kiswahili kuhusu saratani, neno "kufa" hubebeshwa mzigo lisiouweza. Seli iliyoungua hufa. Na seli iliyojimaliza kwa mpango wake yenyewe nayo hufa. Mwaka 1972 Kerr, Wyllie na Currie waliitenga aina hii ya pili, wakaipa jina la Kiyunani lenye maana ya kuanguka kwa majani: apoptosisi. Kiswahili kina kitenzi chake tayari, kupukutika. "Kujiua", kama wengine wasemavyo, huingiza dhambi na huzuni pasipohusika.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Glioblastoma, uvimbe mkali wa ubongo, kwa kawaida hupigwa mionzi ya grei 60 kwa vipindi 30, na aghalabu hurudi. Seli zake hazipukutiki kwa urahisi. Baadhi hufa zikishindwa kugawanyika. Nyingine hujila sehemu zake, jambo liwezalo kuziua au, kinyume chake, kuziokoa. Utafiti wa mwaka 2006 ulionyesha kuwa seli-shina za uvimbe zenye alama ya CD133 huitengeneza upesi DNA iliyovunjwa na mionzi. Mfasiri aandikaye tu kwamba "mionzi huua seli" humnyima msomaji swali lenyewe: zimekufa kwa njia ipi, na zipi hazikufa?

Yafaa basi istilahi "upukutikaji" na "ujilaji" ziingizwe kamusini. "Nekrosisi" ibaki ilivyo, maana "uozo" hudokeza uvundo. Feroptosisi, iliyopewa jina mwaka 2012, yangoja neno lenye chuma ndani yake.