Ukipika Data ya Projekti, Mkulima wa Muguka Ndiye Anaungua

Comrade, tuambiane ukweli. Kuna kitu kila msee wa campo anakijua na hakuna mtu hukitaja mbele ya supavaiza: kupika data. Hojaji 100 zilifaa kwenda kwa wakulima wa Siakago ama Maua. Nauli ikaisha, tarehe ya kusubmit ikafika, ukajifungia kwa keja na biro tatu za rangi tofauti ukajijazia. Msee wa SPSS akakupigia hesabu, majedwali yakatoka fiti, ukapita. Unajiambia hakuna mtu ameumia.

Wacha tuone kama ni kweli.

Rudi nyuma hadi Mei 2024. Gavana wa Mombasa Abdulswamad Nassir alipiga marufuku muguka kwa kaunti yake, akisema inaharibu vijana. Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Embu ikawaka, kwa sababu huko Mbeere muguka ndiyo karo, ndiyo unga, ndiyo pikipiki ya boda. Rais Ruto akasema marufuku hiyo haina nguvu kwa sababu sheria ya taifa inatambua hilo zao, na Mahakama Kuu ya Embu ikaisimamisha. Siku hizo TV na mitandao zilijaa makelele tu. Mathe wa Pwani alikuwa na kijana ambaye halali usiku, mathe wa Mbeere alikuwa na kijana aliyefika chuo kwa doh ya muguka. Wote wawili walikuwa wanasema kile wamekiona.

Lakini maswali yenyewe yalikuwa ya utafiti. Muguka inamfanyia nini mtu anayetafuna kila siku, na anatafuna kiasi gani, na anachanganya na nini? Familia ngapi zinaishi kwa hilo jani, na zikiambiwa ziache, zitapanda nini kwa ule mchanga mkavu?

Sasa cheki ramani. University of Embu iko hapo kwa barabara kuu ya kwenda Meru. Chuka iko katikati. Ukifika Meru kuna KeMU pale Kaaga na Meru University of Science and Technology kule Nchiru. Kama kuna mahali duniani panafaa kuwa na data safi ya miraa na muguka, ni huku. Na kazi kubwa ya kuzunguka mashambani na hojaji huwa inafanywa na nyinyi, wanafunzi wa fourth year na wa masters. Imagine jaji ama gavana anaomba data ndiyo afanye uamuzi, halafu ndani yake kuna wakulima 60 waliozaliwa kwa keja yako usiku wa manane.

Hapo ndipo mafunzo ya sayansi huria na usimamizi wa data za utafiti yanaingia. Ukiona tangazo lake kwa ubao wa maktaba usipite tu ukidhani ni mambo ya maprofesa na chai ya saa nne. Maana yake ni rahisi. Sayansi huria inasema utafiti, hasa ule umelipiwa na pesa ya umma, usifungiwe mahali watu wa kawaida hawafiki. Novemba 2021 nchi wanachama wa UNESCO zilipitisha pendekezo la pamoja kuhusu jambo hilo. Usimamizi wa data ndio upande wa kazi ya mikono: umekusanya nini, umeiweka wapi, nani anaweza kuiona, na mtu mwingine akiipata miaka kumi ijayo ataielewa ama ataona tu safu za namba zisizo na maelezo. Kuna kanuni nne ambazo zilichapishwa 2016 na sasa zinatajwa kila mahali: data ipatikane, ifikike, iweze kuunganishwa na data nyingine, na iweze kutumika tena.

Na usidhani ni comrade wa Embu pekee anashikwa. Mei 2020, wakati wa korona, jarida kubwa la Lancet lilichapisha utafiti kuhusu dawa ya hydroxychloroquine, ati umetoka kwa wagonjwa 96,000 katika hospitali 671 duniani. WHO ikasimamisha kwa muda majaribio yake ya hiyo dawa. Wanasayansi wakaanza kuuliza: hizi hospitali ziko wapi? Hata data iliyodaiwa kutoka Afrika ilikuwa na maelezo ya kina kuliko vile hospitali nyingi zetu hurekodi kwa kompyuta. Kampuni ya Surgisphere, iliyodai kuwa na hiyo data, ikakataa kuifungua ichunguzwe. Tarehe 4 Juni utafiti ukaondolewa. Ingekuwa data imewekwa wazi kutoka siku ya kwanza, hiyo drama haingefika mbali.

Kuna upande mwingine mzuri, na huu ni wa hapa Embu. Miaka ya 1990 watafiti wa KARI, KEFRI na ICRAF walifanya kazi na wafugaji wa Embu kujaribu mti wa kaliandra kama lishe ya ng'ombe. Wakulima walipima wenyewe kwa mashamba yao. Jibu likatoka kwa lugha ambayo mtu yeyote anashika: kilo tatu za majani mabichi ya kaliandra zinafanya kazi karibu sawa na kilo moja ya dairy meal. Mama mwenye ng'ombe wawili hahitaji kusoma jarida kutumia hiyo habari. Anapanda miti kando ya shamba na kupunguza pesa anayopeleka kwa agrovet. Hiyo inawezekana tu kwa sababu vipimo vilikuwa vya ukweli.

Najua kuna msee ameanza kuuliza: kwa hivyo niweke majina ya watu wote mtandaoni? Hapana, na hapa ndipo wengi huteleza. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na ofisi yake haichezi. Septemba 2023 ilitangaza faini ya KSh 1,850,000 kwa club moja ya Nairobi, Casa Vera Lounge, kwa kuposti picha ya mteja bila ruhusa yake. Ikiwa picha ya mtu akijienjoy inaweza kugharimu hivyo, fikiria hojaji yenye jina la mkulima, namba yake ya simu, kiasi anachotafuna na pesa anayopata. Hata ukitoa jina, bado kuna shida. Ukiandika "mjane, miaka 52, ekari tatu za muguka" na ukataja kijiji, majirani wote wanajua ni nani. Data ya watu hufunguliwa baada ya kufichwa utambulisho wao na baada ya wao kukubali. Kama haiwezi kufichwa vizuri, inabaki imefungwa, na unaeleza kwa nini.

Sasa tuongee kuhusu mafunzo yenyewe, kwa sababu peke yake hayatoshi. Msee anaketi siku mbili, anapewa cheti, anapiga picha ya kikundi, halafu Jumatatu anarudi kwa mfumo ule ule. Supavaiza anaangalia chapter four bila kuuliza faili asili iko wapi. Nauli ya kwenda shambani inatoka mfukoni mwa mwanafunzi ambaye HELB yake imechelewa. Kwa hali hiyo kupika data ndiyo njia rahisi, na kuwaambia watu wawe waaminifu hakutabadilisha kitu. Ingia kwa repozitori za vyuo vyetu vya mlimani. Utapata tasnifu na paper, na hiyo ni hatua nzuri. Halafu jaribu kutafuta data iliyozaa hizo tasnifu, uone utapata ngapi.

Mimi naona dawa ni moja na si ghali: projekti isipewe alama mpaka faili ya data iwe imewekwa maktaba, ikiwa na maelezo ya kila safu na ushahidi kwamba watu walikubali kuhojiwa. Bora hojaji 30 za ukweli kuliko 100 za biro tatu, na idara ziseme hivyo wazi ndiyo mwanafunzi asiye na nauli asilazimike kudanganya. Ni ngumu kupika kitu ukijua mwaka ujao kuna mtu atakifungua.

Lakini kufungua bila mtu wa kutunza pia ni bure. Julai 2011 Rais Kibaki alizindua tovuti ya data huria ya serikali na Kenya ikasifiwa kama moja ya nchi za kwanza Afrika kufanya hivyo. Baadaye tovuti ikakaa bila kuongezwa data mpya, na sifa zikaisha. Vyuo visirudie hiyo. Mkutubi wa data alipwe, asipewe tu hiyo kazi juu ya zingine.

Na tusidanganyane kwamba data ikiwa safi, wanasiasa watasikiza. Januari 2013 baraza la wataalamu liliishauri serikali ya Uingereza kwamba ushahidi hautoshi kupiga miraa marufuku. Waziri Theresa May akaipiga marufuku bado, na Juni 2014 soko hilo likafungiwa wakulima wa Meru. Lakini kwa sababu ripoti ilikuwa wazi, kila mtu aliweza kuona kwamba uamuzi ulikuwa wa kisiasa, na waliopinga walikuwa na kitu cha kushika mkononi.

Kama uko na projekti sasa hivi, anza na vitu vidogo. Faili asili usiiguse, fanyia hesabu kwa nakala. Weka nakala tatu, moja isiwe kwa nyumba moja na laptop yako. Andika kila safu inamaanisha nini, kwa sababu "Q7b" hutaikumbuka Disemba. Uliza ruhusa kabla ya kuuliza swali la kwanza. Na ukimaliza, rudi kule Siakago ama Maua na karatasi moja, kwa Kimbeere, Kimeru ama Kiswahili, uwaambie wale watu walichokwambia na ulichokipata. Walikupa asubuhi yao ya kazi bure.