Darubini ya nyota isinunuliwe kwa ukubwa wa namba

Rula ya mwanafunzi, ile ya sentimita 15 inayouzwa kila duka la madaftari, ndiyo kifaa cha kwanza anachopaswa kubeba mtu anayekwenda kununua darubini ya macho mawili. Zipo darubini za bei ya chini, zimejaa madukani na mtandaoni, zilizopigwa chapa ya 30x60. Namba ya kwanza inadai kwamba zinakuza mara 30. Ya pili inadai kwamba lenzi ya mbele ina kipenyo cha milimita 60. Rula ikiwekwa juu ya lenzi hiyo, mara nyingi haifiki hata milimita 30. Uongo unapimika hapo hapo kaunta, kabla noti haijatoka mfukoni.

Asiye na rula anaweza kutumia hesabu. Pembeni mwa namba hizo huandikwa pia “126m/1000m”, maana yake ni kwamba mtu akitazama mbali mita 1,000 ataona eneo lenye upana wa mita 126. Upana huo ni sawa na nyuzi 7 na kidogo. Kama kweli darubini inakuza mara 30, jicho lingelazimika kuona nyuzi zaidi ya 210 kwa mpigo, yaani hadi nyuma ya masikio. Ukizidisha nyuzi hizo 7 kwa 8, unapata jibu linaloingia akilini. Kwa maneno mengine, chapa yenyewe inakiri kwamba chombo hicho kinakuza mara 8 tu.

Kwa mtu wa Karagwe au Kyerwa, mkoani Kagera, anayetaka kutazama nyota, habari njema ni kwamba mara 8 zinamtosha kabisa. Anachohitaji ni darubini ya namba ndogo na lenzi ya kweli: 7x50, 8x42, au isiyozidi 10x50. Namba kubwa zimeandikwa kumfurahisha mnunuzi akiwa dukani. Usiku, uwanjani, humwadhibu.

Sababu ya kwanza ni mkono. Kila darubini inapokuza nyota, inakuza pia mtetemo wa mikono, mapigo ya moyo na pumzi. Ikishapita mara 10, nyota huanza kurukaruka na mtazamaji huchoka baada ya dakika chache. Darubini za 15x70 au 20x80 zipo na ni nzuri, lakini zinadai stendi ya miguu mitatu iliyo imara, na stendi nayo ina bei yake.

Sababu ya pili ni mboni. Gizani, mboni ya kijana hufunguka hadi kama milimita 7. Ya mtu wa makamo mara nyingi huishia 5 au pungufu. Ukigawa kipenyo cha lenzi kwa ukuzaji, unapata upana wa mwale unaotoka kuingia jichoni: 7x50 hutoa milimita 7, 10x50 hutoa 5. Kwa hiyo kijana wa kidato cha nne afurahie 7x50, na babu yake achukue 10x50 au 8x42 bila kupoteza kitu. Lenzi ya milimita 50 hukusanya mwanga mara 50 hivi zaidi ya mboni tupu iliyofunguka yote. Ndiyo maana Kilimia, ambacho kwa macho ni nyota sita au saba, kwa darubini huwa nyota kadha wa kadha.

Anga la kutazama si la kutafuta. Wilaya hizi mbili, zilizokuwa moja hadi Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, ziko karibu sana na ikweta, upande wa kusini, katika nchi ya vilima yenye sehemu zinazopita mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mahali kama hapa karibu kila nyota ya kaskazini na ya kusini huchomoza kwa zamu yake katika mwaka. Jioni za Mei mtu anaweza kusimama uani akauona Msalaba wa Kusini upande mmoja na Dubu Mkubwa upande wa pili, kwa wakati ule ule. Mtazamaji wa London, awe na teleskopu ya bei gani, Msalaba huo hauoni nyumbani kwake maisha yake yote.

Kuna bahati nyingine ya kalenda. Kiangazi kikubwa cha Kagera ni Juni hadi Agosti, na miezi hiyo ndiyo makundinyota ya Nge na Mshale hupita juu sana angani wakati wa usiku. Huko ndiko kiliko kiini cha galaksi yetu, sehemu nene kuliko zote ya Njia Nyeupe. Darubini ya 7x50 ikipitishwa hapo taratibu, ule ukungu mweupe huchambuka ukawa nyota zisizohesabika, na kati yake hutokea vishada kama kile kilichoandikwa na mwanafalaki Ptolemy tangu karne ya 2. Juni hiyo hiyo, upande wa kusini, ipo Omega Centauri, ambayo kwa macho ni kama nyota yenye ukungu. Mwanafalaki Edmond Halley aliiandika mwaka 1677 akiwa katika kisiwa cha St Helena, na leo inajulikana kuwa mkusanyiko wa nyota zinazokadiriwa kufika milioni 10. Moshi wa kuchoma nyasi huharibu baadhi ya usiku wa mwisho wa kiangazi, hilo ni kweli. Lakini hiyo pia ni miezi ya mavuno ya kahawa, kwa hiyo anga linapokuwa safi, fedha nayo huwa mkononi.

Mwenye kutetea teleskopu atasema darubini haionyeshi pete za Zohali. Ni kweli, haizionyeshi; ukuzaji wa mara 10 hautoshi. Lakini itamwonyesha mtazamaji mashimo ya mwezi, na ikiegemezwa vizuri itamwonyesha miezi minne ya Mshtarii ambayo Galileo aliiona Januari 1610. Teleskopu ya bei sawa na ya darubini huja na miguu inayoyumba, sehemu finyu ya kutazama na picha iliyopinduka, na mara nyingi huishia juu ya kabati. Darubini ina kazi nyingine mchana. Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe zimekuwa hifadhi za taifa tangu 2019, na kijana anayejifunza kuongoza wageni akiwa na 8x42 atatambua ndege mchana na kutazama nyota usiku kwa chombo kimoja.

Linabaki swali la mahali pa kununulia. Kayanga, Omurushaka na Nkwenda zina maduka ya simu, sola na redio, lakini darubini nzuri si bidhaa ya kila duka. Wengi hulazimika kufikiria Bukoba, Mwanza au Kariakoo, na upande wa Kyerwa baadhi huangalia ng’ambo ya Murongo, hadi Mbarara. Msimamo wa makala haya ni kwamba safari hiyo ina thamani. Mtu akiwa na ndugu anayekwenda mjini kwa shughuli nyingine, amtume. Lakini amtume akiwa na maelekezo.

Maelekezo yenyewe ni machache. Kwanza, aishike darubini mbali na uso, urefu wa mkono, aielekeze kwenye mwanga na kutazama lenzi za jicho. Ataona kiduara cha mwanga katikati ya kila moja. Kikiwa cha mviringo safi, prizimu (vioo vya ndani) ni nzuri; kikiwa na kingo za kijivu zilizokatika kama mraba, prizimu ni dhaifu. Pili, aangalie taa inavyoakisiwa kwenye lenzi za mbele. Mwakisiko wa kijani au zambarau iliyofifia unaashiria utando mzuri wa kupunguza mwakisiko. Mweupe kama wa kioo cha dirisha unaashiria kwamba utando haupo au ni hafifu. Lenzi zinazong’aa nyekundu aziache, maana hurudisha mwanga ambao usiku unahitajika. Tatu, atoke nje ya duka atazame mnara wa simu ulio mbali. Akiona minara miwili, au kichwa kikianza kuuma baada ya dakika moja, mabomba mawili ya darubini hayajalingana na hakuna fundi wa mtaani atakayeyalinganisha kwa urahisi. Anayevaa miwani ajaribu akiwa nayo.

Darubini zenye zuumu, zile za “10 hadi 70”, zisimchukulie muda. Kwa bei ya kawaida huwa na taswira finyu na hafifu, na mabomba yake ni mepesi kupishana.

Mtandaoni hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivyo kinachofanyika kabla ya kulipa. Duka la mtandaoni la Jumia lilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, na tangu hapo mnunuzi wa Karagwe amebaki na matangazo ya tovuti ya Jiji, programu za ununuzi, wauzaji wa Instagram na WhatsApp wanaotuma mzigo kwa basi, au maduka ya nje yanayopitia posta. Kulipa yote kabla ya kuona kitu kunafanana na butura, ule mtindo wa kuuza kahawa ikiwa bado mtini: aliyeshika fedha kwanza ndiye anayepanga masharti. Mnunuzi aombe kulipa mzigo ukifika, na muuzaji akikataa hilo, atoe walau picha mbili alizopiga mwenyewe siku hiyo, moja ya lenzi ya mbele ikiwa na kipimo juu yake, nyingine ya vile viduara vya mwanga. Muuzaji mkweli hatumii dakika tano kuzipiga. Anayetuma picha zilizochukuliwa kwenye tangazo la mtu mwingine ameshajibu swali.

Jina kubwa lililochapwa kwenye bomba si ushahidi. Majina ya kampuni maarufu huigwa, na anayeuziwa bidhaa bandia anaweza kulalamika Tume ya Ushindani, inayosimamia mapambano dhidi ya bidhaa hizo. Kwa kulinganisha, 7x50 ya kawaida kama Celestron Cometron huuzwa Marekani kwa chini ya dola 50, na Nikon Aculon ya 10x50 kwa zaidi ya dola 100. Juu ya hapo kuna usafiri, ushuru na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Tangazo linalotoa “Nikon” kwa bei ya sahani za plastiki halihitaji uchunguzi zaidi.

Ikishafika, kinachoiua mapema zaidi ni unyevu na vumbi. Msimu wa mvua huleta kuvu ndani ya lenzi, hivyo darubini ikae kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya. Vumbi lipulizwe kwanza, kisha lifutwe kwa kitambaa laini cha miwani. Upindo wa kanga na shati huburuza mchanga juu ya kioo. Na mchana isielekezwe kwenye jua hata mara moja. Septemba 1, 2016, jua lilipopatwa kwa umbo la pete na watu wakakusanyika Rujewa, Mbarali, waliotazama salama walitumia vichujio maalumu. Darubini isiyo na vichujio hivyo kwenye lenzi za mbele huunguza jicho papo hapo.

Mnunuzi wa kwanza katika wilaya hizi anapaswa kuwa shule. Kwa miaka mingi mtaala umekuwa na mfumo wa jua katika jiografia ya kidato cha kwanza na mada ya astronomia katika fizikia ya kidato cha nne, na mwanafunzi amezijibu zote kwa kukariri mpangilio wa sayari ubaoni. Mwaka 1861 mpelelezi John Hanning Speke alifika kwa Omukama Rumanyika, mtawala wa Karagwe, akiwa na sekstanti, akapima latitudo ya mahali hapo kwa nyota. Zaidi ya miaka 160 baadaye, si vizuri mtoto aliyezaliwa chini ya nyota zile zile azijue kwa mchoro wa chaki. Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania amekuwa akiwaelezea Watanzania mambo ya anga kwa miaka mingi. Walimu wa fizikia wa Kagera wanaweza kuendeleza kazi hiyo katika wilaya zao.

Yupo atakayesema madawati hayatoshi, darubini ya nini? Hoja hiyo ina uzito, lakini hesabu ni ndogo. Kwa bei zilizotajwa hapo juu, darubini mbili za 7x50 pamoja na stendi zinaweza kupatikana kwa kitu kama nusu milioni, fedha ambayo wahitimu waliosoma shule moja huichanga kwenye kundi la WhatsApp kwa sherehe ya jioni moja. Na hazinunuliwi kwa darasa moja; zikitunzwa, zitadumu miaka mingi.

Matumizi pia yapo kwenye kalenda. Usiku wa Septemba 7, 2025 mwezi ulipatwa wote, kuanzia saa 2:30 hadi saa 3:52 usiku, saa ambayo wanafunzi wa bweni bado wako macho. Mwezi utapatwa tena wote jioni ya Desemba 31, 2028: Kagera utachomoza ukiwa tayari umeanza kupatwa, na utafunikwa kabisa kuanzia kama saa moja na robo. Siku hiyo shule zitakuwa zimefungwa. Mkuu wa shule atakayekuwa na darubini hizo aziandike kwenye daftari la kuazima, kama vitabu, ili wanafunzi waende nazo makwao Kaisho, Ihembe na Rwambaizi, na wazee wao wazishike pia.