Kodi ya nyumba si faida, wenye ploti wapya wapige hesabu upya

WASTAAFU wengi wapokeapo malipo yao ya uzeeni hukimbilia kujenga nyumba za kupangisha, wakiamini kwamba mali isiyohamishika haina hasara. Hesabu yao huwa nyepesi: vyumba 10, kila kimoja Sh8,000, ni Sh80,000 kwa mwezi.

Hapo ndipo kosa la kwanza huzaliwa. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipunguza ushuru wa kodi za nyumba za makazi kutoka asilimia 10 hadi 7.5 kuanzia Januari 2024. Hata hivyo, ushuru huo hutozwa pato lote. Ukarabati, mshahara wa bawabu na riba ya benki haviupunguzi hata kwa senti moja. Katika Sh80,000 hizo, Sh6,000 ni za serikali. Vyumba viwili vikikaa vitupu kwa miezi mitatu, Sh48,000 zitakuwa zimepotea, ilhali benki ingali inadai mkopo wake.

Wapo wanaojaribu kuziba pengo hilo kwa kuongeza ghorofa pasipo kibali. Mkasa wa jumba lililoporomoka mtaani Huruma, Nairobi, Aprili 2016 na kuua zaidi ya watu 40 ni ukumbusho kwamba anayelipia ujenzi mbovu ni mpangaji.

Anayeanza hana budi kuchunguza hatimiliki katika afisi ya ardhi kabla ya kulipia ploti, kuajiri mwanakandarasi aliyesajiliwa, kuandikiana mkataba na kila mpangaji na kutenga akiba ya miezi kadhaa. Mali bila daftari hupotea bila habari.