Kitulo ikichanua, nani anafaidika?

Kila mwaka kati ya Desemba na Aprili, mvua ikiwa imekolea na njia za vijijini zimegeuka matope, juu kule Makete kunatokea jambo ambalo watu wa nchi nyingine hukata tiketi ya ndege kwenda kulitazama kwao. Nyanda za Kitulo, zilizo mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari, zinabadilika kutoka majani ya kahawia kuwa njano, nyeupe, zambarau na nyekundu. Wenyeji wamepaita Bustani ya Mungu tangu zamani. Wageni walipofika wakaongeza jina lao, Serengeti ya Maua.

Tangazo la kwamba eneo hili litakuwa hifadhi ya taifa lilitoka mwaka 2002 wakati wa Rais Benjamin Mkapa, na mwaka 2005 likawa sheria. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 413 hivi. Hakuna simba wala tembo wa kuwafuata kwa gari. Hifadhi imewekwa kwa ajili ya mimea: aina 350 hivi, na kati ya hizo 45 ni okidi zinazoota ardhini. Katika Afrika ya kitropiki, Kitulo ilikuwa hifadhi ya taifa ya kwanza kuanzishwa hasa kwa sababu ya maua.

Sasa tutazame wenzetu. Kule Namaqualand, Afrika Kusini, nchi kavu huchanua mwezi wa nane na wa tisa, na nyumba za wageni za miji midogo hujaa. Chile ina jangwa la Atacama, ambalo maua yake hutokea miaka ya mvua tu, na mwaka 2023 serikali yao ikatenga sehemu yake kuwa hifadhi ya taifa. Wajapani wamekwenda mbali zaidi: maua ya miti yao ya mcheri yana utabiri wake, unatangazwa kama sisi tunavyotangaza mvua, na watu wanapanga likizo kwa kuufuata.

Kwetu msimu wa maua ni msimu wa masika. Mtalii wa kigeni anakuja Tanzania zaidi kati ya Juni na Oktoba, wakati wa kiangazi, na wakati huo Kitulo ni baridi, umande unaganda asubuhi na majani ni makavu. Akija wakati wa maua anakutana na ukungu na utelezi. Kutoka Makambako unafuata barabara ya TANZAM hadi Chimala, kisha unapanda kwenda Matamba kwa kona zile maarufu, Hamsini na Saba, na jina hilo ni idadi yake. Dereva anayezijua hapigi hadithi akiwa pale.

Na fedha za utalii wa Kusini zilikwenda wapi? Mradi mkubwa uliosikika sana ni REGROW, wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 150, ulioidhinishwa mwaka 2017. Ulilenga hifadhi nne: Nyerere, Mikumi, Udzungwa na Ruaha. Kitulo haikuwemo. Mwaka 2024 benki ilisimamisha malipo, na baadaye mwaka huohuo mradi ukafutwa, kufuatia malalamiko ya wananchi wa kandokando ya Ruaha kuhusu kuondolewa kwenye ardhi yao na ukatili waliodai kufanyiwa. Kwa hiyo anayesubiri Kitulo ijengwe kwa fungu la namna hiyo atasubiri sana. Na tuseme wazi, mambo ya Ruaha yamewafanya wanavijiji wengi wanaopakana na hifadhi waulize maswali kabla ya kupiga makofi. Ni haki yao.

Wakati sisi tunaulizana watalii wako wapi, kuna biashara moja ya Kitulo ambayo haikuhitaji tangazo. Okidi hizi zina viazi chini ya udongo. Zambia huvipika chikanda: viazi vinakaushwa, vinatwangwa, vinachanganywa na unga wa karanga, magadi na pilipili, kisha vinapikwa hadi kushikana kama mkate mzito unaokatwa vipande. Ni chakula cha heshima, kinauzwa sokoni na mahotelini. Okidi za Zambia zilipopungua, wanunuzi wakavuka Tunduma. Watafiti walioichunguza biashara hii mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikadiria kuwa viazi vilivyokuwa vikitoka nyanda za juu kusini vilihesabika kwa mamilioni kila mwaka. Hofu hiyo ni moja ya sababu zilizosukuma hifadhi ianzishwe.

Hapa ndipo mkulima wa viazi mviringo anaweza kudanganyika, akidhani kuwa kikichimbwa kimoja kitaota kingine. Okidi huwa na viazi viwili. Kimoja ni cha mwaka huu, kimesinyaa kwa kulisha ua. Cha pili ni kigumu na kimejaa, ni akiba ya mwaka unaofuata. Mchimbaji anataka kile kilichojaa. Akikichukua, mwakani hakuna mmea. Mbegu nazo ni laini kama vumbi, hazina chakula ndani yake, na haziwezi kuota mpaka zikutane na aina fulani ya ukungu kwenye udongo. Ndiyo maana hujasikia mtu ana shamba la okidi kama shamba la njegere. Mchimbaji wa kijijini hulipwa kidogo, faida kubwa iko mbele ya safari, na lawama zikija zinamkuta yeye akiwa na jembe mkononi.

Hatari nyingine haina jembe, na sisi watu wa Njombe huiona kama maendeleo: miti. Tangu kampuni ya Tanwat ilipoanza na miwati mwaka 1949, mkoa huu umejifunza kuwa mti ni benki. Misindano inasomesha watoto, milingoti inakuwa nguzo za umeme. Hatuna ugomvi na hilo. Lakini limetufundisha kuona eneo la majani kama pori tupu linalosubiri mwenye miche. Okidi za Kitulo zinataka jua na majani mafupi. Mbegu ya msindano husafiri na upepo bila kujali mpaka wa hifadhi, na ikikua na kutia kivuli, maua chini yake yanakufa bila mtu kuiba chochote.

Nyanda hizi pia zinashika maji. Mito kama Chimala na Kimani inashuka kutoka milima hii kwenda bonde la Usangu, kwenye mpunga wa Mbarali, kisha Ruaha Mkuu na bwawa la Mtera. Msikilizaji anayelima mpunga huko chini anaihitaji Kitulo kuliko mtalii yeyote, hata kama hajawahi kuona okidi.

Kuhusu mtalii, tunadhani yupo, ila tunamtafuta mbali. Desemba ndiyo mwezi ambao Wakinga wenye maduka Kariakoo, Mbeya na Makambako wanarudi nyumbani kwa Krismasi, na magari yao yanapanda Makete hukohuko maua yakianza. Njombe hadi Makete sasa ni lami. Mtanzania analipa kiingilio kwa shilingi, pungufu kabisa ya anacholipa mgeni. Kinachokosekana ni vitu vidogo: mahali pa kulala penye moto na chai, kijana wa kijiji anayejua majina ya maua kwa Kikinga na Kiswahili, gari la kukodi lenye uwezo wa kupita matope. Kamati za vijiji na halmashauri zinaweza kuanza na haya bila mkopo wa Washington.

Sisi msimu huu tutajaribu utabiri wa Kijapani kwa njia yetu. Wasikilizaji wa Matamba, Kikondo na Bulongwa, mkiona maua yameanza, tumeni ujumbe, nasi tutatangaza asubuhi pamoja na hali ya barabara. Tutataja wiki na njia ya kupita. Bonde au kilima chenye okidi nyingi hatutakitaja hewani, maana wachimbaji nao wana redio.