Mchicha wa Msimbazi: Bustani ya nyumbani yahitaji maji kwanza

KWA miaka mingi, wakazi wengi wa Dar es Salaam wamekula mchicha unaolimwa kando ya Mto Msimbazi, ingawa watafiti wamekwisha kubaini metali nzito, yakiwamo madini ya risasi, katika mboga za bonde hilo. Kuosha majani hakuondoi sumu iliyofyonzwa na mizizi.

Njia iliyo karibu ni bustani ya nyumbani. Mchicha huvunwa baada ya wiki tatu au nne, hata ukipandwa katika gunia au ndoo iliyotobolewa chini.

Tatizo ni maji. Mpangaji anayeyanunua kwa ndoo hatamwagilia mboga kabla ya kupika na kuoga. Kuhimiza bustani bila kumfikishia bomba ni kumwachia maskini mboga za mtoni.