Hodi hupigwa hata mlangoni mwa simu

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, Mwenye kuyajua ya siri na ya dhahiri. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba wake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu katika imani, Ijumaa ya leo tumeona tuzungumzie jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa dogo, ilhali limekwisha kuvunja nyumba na kutenganisha ndugu. Jambo lenyewe ni kusoma ujumbe wa maandishi uliomo katika simu ya mtu mwingine bila ya idhini yake.

Tuanzie Ijumbi, wilayani Muleba, mkoani Kagera. Huko nyumba husimama ndani ya kibanja, migomba na mibuni ikiwa imeizunguka. Mgeni mwenye adabu haibukii mlangoni kimya kimya. Hupaza sauti angali njiani, akabisha hodi, akangoja kukaribishwa. Asipojibiwa, hurudi alikotoka. Hata zama za barua, bahasha ilipofika kwa meli kutoka Mwanza, mama asiyejua kusoma alimchagua mtoto mmoja anayemwamini amsomee faraghani. Mtoto huyo alijua kwamba aliyoyasoma hayatoki nje ya chumba kile.

Leo barua imekuwa ujumbe wa simu. Ujumbe wa kwanza wa aina hii ulitumwa nchini Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, na sasa hakuna kijiji kisichoufahamu. Umebeba salamu, taarifa za misiba, malipo ya kahawa, posa na majibu ya hospitali. Swali letu ni hili: je, ile hodi tuliyofunzwa mlangoni tumeibeba hadi kwenye simu, au tumeiacha njiani?

Tuchukulie mfano. Mama mmoja wa Ijumbi amekwenda hospitali, akaambiwa ana maradhi ambayo bado hajawa tayari kuyatangaza. Anamwandikia kaka yake aliyeko Mwanza, akimwomba ushauri na nauli ya kurudi kliniki. Kaka yupo msikitini, simu ameiacha mezani. Wifi anaufungua ujumbe na kuusoma, kwa kuwa yeye na mumewe hujisifu kwamba hawafichani kitu. Wifi anamweleza dada yake, dada anamweleza jirani mwenye asili ya Muleba, na kabla ya nauli kumfikia yule mama, habari zake zimekwisha kufika sokoni.

Tujiulize, nani amedhulumiwa hapa? Wengi watasema ni mume aliyefunguliwa simu yake, na mume mwenyewe huenda akasema hana kinyongo. Lakini aliyedhulumiwa hasa ni mama wa Ijumbi, ambaye hakuwapo na wala hakuulizwa. Kwa hiyo kauli ya "mimi na mwenzangu hatuna siri" haitoshi kuwa hoja. Siri iliyomo katika simu si ya mwenye simu peke yake. Ni ya aliyeandika pia, naye alimwandikia mtu mmoja tu.

Imepokewa katika vitabu vya Abu Daud na Tirmidhi kwamba Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa mtu anapozungumza jambo huku akigeuka kutazama pembeni, mazungumzo hayo huwa ni amana. Haikushurutishwa kwamba aseme kwa ulimi wake "usimwambie mtu". Kule kugeuka kwake kumetosha. Sisi tunasema kwamba anayechagua namba moja tu miongoni mwa namba zote alizonazo, akaiandikia jambo lake, naye amekwisha kugeuka na kutazama pembeni.

Wakazi wa Kagera hawahitaji kuelezwa sana thamani ya siri ya mgonjwa. Ni katika mkoa huu ambapo wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983. Wazee wanakumbuka namna mnong'ono mmoja ulivyoweza kumfanya mtu akimbiwe na jamaa zake akiwa angali hai. Ndiyo maana sheria ya nchi ya mwaka 2008 kuhusu UKIMWI ikaagiza majibu ya vipimo yawe siri. Ama mume na mke, kila mmoja ana haki ya kujua maradhi yanayoweza kumdhuru, na mgonjwa ana wajibu wa kumwambia mwenziwe. Lakini haki hiyo hutimizwa kwa kuelezana, si kwa kupekua.

Mafundisho ya dini katika mlango huu yako wazi. Surat An-Nur, aya ya 27, imetuamrisha tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe. Aya ya 58 ya sura hiyo hiyo ikawataka hata watoto wa nyumbani waombe ruhusa katika nyakati tatu: kabla ya Alfajiri, wakati wa kupumzika adhuhuri, na baada ya Isha. Surat Al-Hujurat, aya ya 12, ikakataza dhana mbaya, upelelezi na kusengenya. Tazameni mpangilio wake: mtu huanza kwa kudhani, dhana ikampeleka kupekua, na alichokipata kwa kupekua akaenda kukisimulia.

Imepokewa pia kwamba mtu mmoja alichungulia tunduni mwa chumba cha Mtume (S.A.W.). Mtume alimkemea vikali, akaeleza kwamba kuomba ruhusa kumewekwa kwa sababu ya macho. Mtu yule hakuwa ameingia ndani, wala hakuchukua chochote. Jicho lake tu ndilo lililovuka mlango. Basi anayesema "mimi nilitazama tu, sikuchukua kitu" ajue kwamba huko kutazama ndiko kulikokatazwa.

Iko riwaya nyingine maarufu inayomwonya mwenye kutazama barua ya nduguye bila ruhusa. Wanazuoni wa hadithi wameitaja kuwa dhaifu, nasi hatuitegemei. Hizo tulizozitaja zinatosha.

Hapa tunaijua hoja itakayoletwa. Watu husema kwamba asiye na kosa hafungi simu. Sisi tunauliza: je, anayefunga mlango wa bafu ana kosa gani? Kufunga si ushahidi wa dhambi. Hata hivyo hatutaki kuwapendelea wanaofunga. Wako wanaoficha ndani ya simu maovu ambayo wangeona haya kuyatenda mchana. Hao tunawakumbusha kwamba namba ya siri huwazuia wanadamu, haimzuii Allah. Wajibu uko pande mbili: aliye nje asipekue, na aliye ndani asifiche haramu.

Ama mwenye kushuku, afanye nini? Imepokewa kutoka kwa Jabir kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza msafiri kurejea kwa ahali zake usiku kwa kuwavizia, akiwatuhumu na kuyatafuta makosa yao. Kushika simu ya mke usiku wa manane wakati amelala, au kuivizia ya mume anapooga, kunafanana sana na hali hiyo. Mwenye shaka amkabili mwenziwe kwa maneno. Wakishindwana, Surat An-Nisaa, aya ya 35, imetuonesha njia: mpatanishi mmoja kutoka upande wa mume na mmoja kutoka upande wa mke. Ndoa iliyosuluhishwa na wazee wawili wenye hekima ina nafuu kuliko iliyochunguzwa kwa tochi ya simu chini ya shuka.

Wazazi nao watuelewe vizuri. Mtoto mdogo ni amana mikononi mwao, na kumwachia simu bila uangalizi ni kumtelekeza. Lakini ulinzi na upelelezi ni vitu viwili. Mlinzi husimama mahali anapoonekana. Mzazi na amwambie mtoto tangu mwanzo kwamba simu hii tutaitazama pamoja, na kwamba usiku italala chumbani kwetu. Kadiri anavyokua na kuaminika, apunguziwe uangalizi. Tukumbuke kisa cha Anas bin Malik alipokuwa kijana mdogo. Mtume alimtuma jambo, akachelewa kurudi nyumbani. Mama yake alipomuuliza, alijibu kwamba ni siri ya Mtume. Mama hakumlazimisha aitoe, bali alimsisitizia asimwambie mtu yeyote. Mama huyo alimlea mtunza siri kwa kuiheshimu siri aliyopewa mwanawe.

Ni kweli ziko hali za dharura. Kabla ya kufunguliwa Makka, Hatib bin Abi Balta'a aliandika barua kuwatonya Maquraishi juu ya safari ya Waislamu, na Mtume (S.A.W.) akamtuma Ali pamoja na wenzake kuikamata njiani. Palikuwa na hatari ya kweli kwa umma mzima, na aliyeamrisha ni kiongozi wake. Na hata hapo, Hatib alipewa nafasi ya kujieleza, na udhuru wake ukasikilizwa. Wivu na udadisi havifikii daraja hiyo.

Sheria za nchi nazo zimelizingatia jambo hili. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inalinda faragha ya mtu, familia yake na mawasiliano yake binafsi. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Baada ya hayo, yako mambo ambayo kila nyumba inaweza kuyafanya leo baada ya sala.

La kwanza, weka namba ya siri katika simu, hata ile ndogo ya vitufe ambayo vijana huiita kiswaswadu. Usifanye hivyo kwa kumkimbia mkeo, bali kwa kuwalinda waliokuamini wakakuandikia.

La pili, simu nyingi za kisasa huonesha maneno ya ujumbe juu ya kioo hata zikiwa zimefungwa. Ingia katika mipangilio, upande wa arifa, uiamuru simu ifiche maneno hayo mpaka ifunguliwe. Ujumbe wa kliniki hauna sababu ya kusomwa na kila anayepita karibu na meza.

La tatu, fahamu tofauti ya njia. Ujumbe wa kawaida wa simu hupita kwa kampuni ya simu bila ya kufungwa kutoka mwanzo hadi mwisho wa safari yake. Ujumbe wa WhatsApp umefungwa hivyo tangu mwaka 2016. Lakini hilo ni kufuli la njiani tu. Ukifika mkononi mwa mpokeaji, hulindwa na tabia yake.

La nne, mtu akiishika simu yako kwa dakika chache anaweza kuiunganisha WhatsApp yako na kompyuta au kifaa kingine, akawa anasoma ujumbe wako akiwa mbali. Fungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, na usichokitambua kiondoe.

La tano, usitegemee sana kufuta. Ujumbe unaofutwa kwa wote, au unaotoweka wenyewe baada ya muda, huenda umekwisha kusomwa au kupigwa picha. Njia salama ni kutafakari kabla ya kutuma.

La sita, kama nyumba nzima inatumia simu moja, kama ilivyo katika familia nyingi za vijijini, mjulishe anayekuandikia: "Simu hii si yangu peke yangu, ukiwa na jambo la siri nipigie." Kumwacha aendelee kuandika akidhani yuko nawe peke yako ni kumhadaa.

La saba, namba ya siri ya fedha na tarakimu za uthibitisho zinazotumwa kwa ujumbe asipewe mtu yeyote anayezidai, hata akijitambulisha kuwa ni mfanyakazi wa kampuni. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ujumbe wa kitapeli, kama ule maarufu wa kukuagiza utume pesa kwa namba nyingine, peleka taarifa yake kwenye 15040. Na unapouza simu, ifute yote kwanza. Unapoipeleka kwa fundi, toa kadi na uondoe ujumbe wa watu.

Tumetaja mambo saba, lakini yote hayana nguvu bila ya lile la msingi. Mtu aliyekamilisha mipangilio yote, kisha akamwonesha rafiki yake kijiweni ujumbe wa dada yake ili wacheke, amefunga mlango wa mbele akaacha wa uani wazi.

Ndugu Waislamu, turudi kwa yule mama wa Ijumbi. Yeye hawezi kuifunga simu ya kaka yake. Alichoweza ni kuamini. Ameketi upenuni akisubiri jibu, na heshima yake iko katika mikono ya watu wawili walioko ng'ambo ya ziwa: kaka aliyeandikiwa, na wifi aliyeiona simu mezani. Tunawaomba wote wawili, na sisi sote tulio katika nafasi zao, tubishe hodi. Na tusipoitikiwa, turudi.

Tunamwomba Allah atusitiri hapa duniani na kesho Akhera, atujaalie kuwa watunza amana, na azisalimishe nyumba zetu na fitina za ndimi na za macho. Amin.