Kumbukumbu za Miamala ni Mali ya Nani?

Hadi Aprili 2015, pesa iliyotumwa kwa M-Pesa kutoka Nairobi kwenda Kisumu ilipitia mitambo iliyokuwa Ujerumani. Jina na programu vilibaki mali ya Vodafone ya Uingereza hadi 2020, Safaricom na Vodacom walipovinunua kwa pamoja. Huduma ilikuwa imeanza 2007. Kwa miaka 13, Wakenya walijenga thamani ya kitu ambacho hakikuwa chao, na Safaricom ikakilipia ada.

Faida yake siikatai. Utafiti wa Tavneet Suri na William Jack, uliochapishwa 2016, ulikadiria kwamba M-Pesa iliziondoa kaya zipatazo 194,000 za Kenya katika umaskini uliokithiri. Kwa hiyo hoja ya programu ni ya nani si ya wanasheria peke yao.

Programu sasa imerudi nyumbani. Kumbukumbu za miamala je? Tangu huduma ya mikopo ya M-Shwari ianzishwe ndani ya M-Pesa 2012, mtu asiye na hati ya nyumba ameweza kukopeshwa kwa kuangaliwa anavyopokea, anavyotuma na anavyoweka akiba. Kumbukumbu hizo ndizo dhamana yake. Mama anayeuza dagaa Kirumba Mwaloni, Mwanza, soko linalolisha hadi Rwanda, Burundi na Kongo, anazizalisha kila anapolipwa kwa simu. Anaweza kuomba taarifa ya miamala yake, sawa. Lakini kipimo cha kukopesheka kinachokokotolewa humo hubaki kwa kampuni. Akihamia mtandao mwingine anaanza upya, na SACCOS yake, yaani chama chake cha akiba na mikopo, inamwona mgeni. Kumbukumbu hizo ziwe zake, aweze kuzihamishia kwa mkopeshaji yeyote amtakaye.

Kampuni zitasema zimewekeza fedha nyingi, na ni kweli. Zilipwe kwa huduma, si kwa kumfungia mteja mlango. Tanzania imekwisha kufanya jambo linalofanana na hili: mwaka 2014 kampuni za simu zilianza kuruhusu pesa kuvuka kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, na Vodacom ikajiunga 2016. Biashara haikufa.

Hofu ninayoiheshimu ni ya faragha. Kenya iliona wakopeshaji wa mtandaoni wakichota namba za simu za wadaiwa na kuwapigia ndugu zao ili kuwaaibisha, hadi sheria ya 2021 ikawaweka chini ya Benki Kuu. Ndiyo maana ruhusa ya kusoma kumbukumbu lazima itoke kwa mwenye miamala, kwa kila mkopeshaji, naye aweze kuifuta.

Sheria ya Kenya ya 2019 ya kulinda taarifa binafsi tayari inatamka haki ya mtu kuzihamisha. Kinachokosekana ni mfumo mmoja ambao benki na SACCOS zote zinaweza kuusoma, na Benki Kuu ya kuulazimisha. Benki Kuu za Kenya na Tanzania zianze na wafanyabiashara wanaopokea malipo kwa namba za biashara, kisha zikubaliane kuhusu wanaouza ng'ambo ya mpaka. Mama wa Kirumba ana wateja nje tayari; benki ya Kigali haina namna ya kujua kwamba analipwa kila wiki.